Meza ya Usiku wa Mizuka
Nasaha kwa wazazi wa Kiislamu wanaokaa Stockholm

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyewahalalishia waja Wake vilivyo vizuri na Akawaharamishia vilivyo vichafu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Katika masuala yanayozikabili familia za Waswahili wa Oman na Ghuba waliohamia nchi za kaskazini ya Ulaya, kuna moja ambalo wengi huliona dogo, kwa kuwa mlango wake ni jikoni na wahusika wake ni watoto. Suala lenyewe ni la sherehe iitwayo Halloween, inayofanywa usiku wa tarehe 31 Oktoba. Je, yafaa kwa Muislamu kuiandalia chakula nyumbani kwake na kuwaalika watoto wa jirani na wa skuli?

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja ambaye asili ya wazee wake ni Unguja, naye amezaliwa Maskati, na sasa anakaa na mumewe na watoto wao katika ghorofa ya nne huko Husby, kaskazini magharibi ya mji wa Stockholm. Binti yake wa miaka tisa amekwishaalikwa mara mbili na wenzake wa darasani kwenye sherehe hiyo. Mwaka huu wenzake wanamwuliza: "Zamu yako lini?" Binti akarudi nyumbani na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, yenye orodha ya vyakula: soseji zilizokatwa mfano wa vidole vya maiti, mayai yaliyopambwa yakawa macho yaliyotolewa kichwani, jusi nyekundu ambayo jina lake ni damu, na peremende zenye umbo la minyoo. Akauliza: "Mama, hivi tutavipika vipi?"

Mama akampigia simu mama yake Maskati. Bibi akajibu kwa neno moja: "Mkatazeni." Baba aliporudi kazini akasema: "Mwache, ni michezo ya watoto." Na mtoto akabaki amesimama baina ya majibu mawili, karatasi mkononi, na hakuna hata mmoja aliyemweleza sababu.

Majibu yote mawili yamepungua. Anayekataza bila ya kueleza humfundisha mtoto kwamba dini ni mlango uliofungwa, na mtoto hodari hutafuta dirisha: huliweka vazi la sherehe kwenye mkoba wa rafiki yake, akalivalia huko, kisha akarudi na uongo mdomoni. Na anayeachia kwa kuona kuwa ni mchezo tu humfundisha kwamba hakuna kitu chenye maana, na kwamba Idi nayo ni siku nyengine tu ya kuvaa nguo ngeni na kula tamu. Wa kwanza amehifadhi hukumu na kumpoteza mtoto. Wa pili amemridhisha mtoto na kuipoteza hukumu. Kwa hivyo inapasa jambo hili litazamwe kwa utulivu, kutoka kwenye asili yake mpaka kwenye sufuria.

ASILI YA SHEREHE HII

Wanaoeleza historia yake huirejesha kwa Waselti wa Ireland na Uskochi, waliokuwa na sikukuu ya kuingia majira ya baridi iitwayo Samhain, na wakiitakidi kwamba usiku huo pazia baina ya walio hai na waliokufa huwa jepesi. Baadaye Kanisa la Magharibi likaiweka tarehe 1 Novemba kuwa siku ya kuwakumbuka watakatifu wote, na mkesha wake ukachukua jina la Halloween. Watu wa Ireland walikuwa wakichonga figili na kutia taa ndani yake. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, wakalikuta boga, ambalo ni kubwa na laini, wakaacha figili na kuchonga boga. Kutoka Marekani, kwa njia ya filamu na maduka, sherehe hiyo ikaenea duniani.

Na hapa pana jambo ambalo mzazi anayekaa Stockholm anafaa kulijua, kwani litampunguzia haya. Watu wengi hudhani kuwa wakiikataa Halloween wanakataa mila ya wenyeji waliowapokea. Sivyo. Halloween ni mgeni huko Uswidi kama wao walivyo wageni. Imeenea huko tangu miaka ya 1990 tu, na wapo wazee wa Kiswidi wasioipenda mpaka leo. Mila ya Waswidi katika siku hizo ni nyengine kabisa. Wao wanayo siku ya watakatifu wote, ambayo tangu mwaka 1953 huwa ni Jumamosi inayoangukia baina ya tarehe 31 Oktoba na tarehe 6 Novemba. Siku hiyo watu huenda makaburini na kuwasha mishumaa kwa ajili ya jamaa zao. Anayepanda treni ya chini ya ardhi mpaka Skogskyrkogården, yale makaburi makubwa ya msituni yaliyoko kusini ya mji, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 1994 katika urithi wa dunia, ataona maelfu ya taa ndogo chini ya misonobari, na watu wanatembea kimya, wengine wamewashika watoto wao mikono. Hapana anayecheka wala anayejifanya maiti.

Muislamu hawashi taa makaburini, kwani hilo limekatazwa, na Waibadhi tangu zamani wamependa kaburi liwe la kawaida lisilopambwa. Lakini kuyazuru makaburi kwa kuikumbuka Akhera ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) aliliruhusu baada ya kulikataza. Kwa hivyo Muislamu na jirani yake Mswidi mzee, juu ya tofauti yao kubwa, wanakubaliana katika hili: kwamba mauti si kitu cha kuchezewa. Na mzazi akimweleza mwanawe hivyo, mtoto ataona kwamba si wao peke yao katika jengo zima wasiochora mafuvu madirishani.

HUKUMU YA KUIADHIMISHA

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahilia, akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora zaidi, Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufuturu. Wanavyuoni wametoa hukumu katika neno la kubadilisha: kinachobadilishwa hakibaki pamoja na badala yake. Na mwenye akili azingatie pia kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwaondolea watu siku za furaha akawaacha mikono mitupu. Aliondoa na akatoa. Mzazi anayeondoa bila ya kutoa amechukua nusu ya mafunzo hayo.

Basi kuiandaa sherehe ya Halloween kwa jina lake, katika siku yake, pamoja na mapambo yake ya mizuka na wachawi, hakumfai Muislamu. Ndani yake mna kujifananisha na wengine katika kitu kilicho alama ya itikadi isiyo yake, na mna kuufanya uchawi mzaha. Na huu wa uchawi, mtu aliyekulia Pemba au aliyesikia kwa wazee habari za Bahla hahitaji kuelezwa sana. Katika nyumba za Waswahili na za Waomani neno mchawi halikuwa jina la vazi la dukani. Lilikuwa ni neno lililovunja ndoa na kuhamisha watu mitaa. Katika Suratul Baqara, aya ya 102, uchawi umetajwa pamoja na ukafiri na kutengana kwa mume na mke. Mtoto anayevishwa kofia ya mchawi leo na akasomeshwa Kul audhu kesho, atashindwa kujua anajikinga na nini.

Tena kuna suala la wakati. Mwishoni mwa Oktoba saa za Uswidi huwa zimekwisharudishwa nyuma, na Stockholm jua huzama kiasi cha saa kumi za jioni. Watoto hutoka kugonga milango giza linapoingia, na hiyo ndiyo Magharibi yenyewe. Mtume (s.a.w.) ameamrisha watoto wazuiliwe majumbani wakati usiku unapoingia, kwani ni wakati wa kuenea mashetani, kisha waachiliwe kiasi cha usiku kikishapita. Bibi wa Kiswahili hakuwa na haja ya kuifungua hadithi hiyo kitabuni. Alisimama barazani akaita majina ya wajukuu mmoja mmoja mpaka wote waingie. Ni ajabu kwamba saa ile ile ambayo wazee waliwaingizia watoto ndani ndiyo inayochaguliwa kuwatolea nje wakiwa wamevaa sura za wale wanaoogopewa.

WALAYA, BARAA NA UJIRANI

Huenda mtu akasema: ikiwa ni hivyo, basi Muislamu afunge mlango wake na asijuane na mtu. Huyo hakufahamu. Katika madhehebu ya Kiibadhi, walaya na baraa, yaani kupenda na kujitenga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ni katika misingi ya dini. Lakini baraa ni kujitenga na itikadi na matendo. Si ruhusa ya kumnunia jirani, wala ya kumvunja moyo mtoto wa watu mlangoni. Suratul Mumtahina, aya ya 8, imebainisha kwamba hapana katazo la kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita Waislamu kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Na haki ya jirani imethibiti kwa jirani awe nani.

Wazee wa Unguja waliliishi jambo hilo. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, alikuwa Ibadhi, na katika zama zake Waingereza walijenga kanisa lao Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa, wala hakuwazuilia. Na katika mitaa ya Mji Mkongwe, Wahindi walipokuwa na Diwali, sinia za mithai zilipita kwa majirani. Waislamu walizipokea, wakashukuru, na siku ya Idi wakarudisha sinia zao. Hapana aliyewasha taa za Diwali barazani kwake kwa sababu ya kupokea ladu. Mpaka ulijulikana, na watu walipendana juu ya mpaka.

Wapo pia wanaotoa hoja ya Qarnqasho. Husema: mbona Oman, katikati ya Ramadhani, watoto hupita nyumba kwa nyumba usiku wakiimba na kupewa peremende na njugu? Na Imarati wana Haq al-Laila katika nusu ya Shaabani, na Kuwait wana Gergean. Jawabu ni kwamba hizo ni ada za watu, si ibada, na wapo wanavyuoni waliotahadharisha watu wasizipe sura ya ibada. Hata hivyo hazina ndani yake maiti wala shetani, na mtoto huja kwa kuombea watu wa nyumba dua. Mtoto wa Halloween huja na sharti: apewe tamu au afanye utundu. Hata mchezo una mafunzo yake, na huyu anafunzwa kuomba kwa kitisho. Mtume (s.a.w.) amekataza kumtisha Muislamu hata kwa mzaha.

KUHUSU CHAKULA CHENYEWE

Na arejee mzazi kwenye karatasi ya yule binti, kwani humo ndimo kilipo kiini cha suala hili. Vidole vya maiti, macho, damu, minyoo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 3, Ametaja vilivyoharamishwa, na vya mwanzo katika hivyo ni mzoga, damu na nyama ya nguruwe. Sasa chakula kilicho halali kinachukuliwa, mikono inafanya kazi, rangi inamwagwa, mpaka kifanane na kile kilicho haramu. Na kadiri kinavyochukiza ndivyo mpishi anavyosifiwa. Kisha mtoto wa Kiislamu akae mbele ya sahani hiyo aseme Bismillahi. Aseme Bismillahi juu ya nini? Juu ya maiti na damu, kwa majina yaliyobandikwa.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula, akikipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Hiyo ndiyo adabu ya rizki. Ikiwa kukitia ila kwa neno ni kinyume cha adabu yake, itakuwaje kukigeuza kwa makusudi kiwe kinyaa? Mama zetu wa zamani walimkemea mtoto aliyechezea mkate. Wala hawakuwa na ukali. Walikuwa wameona njaa.

Lipo na boga. Kila Oktoba, maduka ya Stockholm hujaza maboga mlangoni, na mengi hutoka kisiwa cha Öland, ambako hulimwa kwa wingi. Watu huyanunua, wakayakwangua nyama yake na mbegu zake wakazitupa, wakachonga macho na meno, wakatia mshumaa, na baada ya siku chache ganda likaoza likatupwa nalo. Katika Suratul Isra, aya ya 26 na 27, wafujaji wametajwa kuwa ndugu wa mashetani. Mtu aliyekuwa akitafuta shetani katika usiku huo hana haja ya kumtafuta kwenye barakoa. Na alitazame pipa la taka.

Na boga kwa Muislamu ni kitu chenye heshima. Nabii Yunus (a.s.) alipotupwa ufukweni akiwa mgonjwa, Mwenyezi Mungu Alimwoteshea mmea uliotajwa katika Suratus Saaffat, aya ya 146, na wafasiri wengi wamesema ni wa jamii ya mamumunye. Na Anas bin Malik (r.a.) ameeleza kuwa mshoni mmoja alimwalika Mtume (s.a.w.) kwa mkate wa shairi na mchuzi wa mumunye na nyama kavu, akamwona akivifuatia vipande vya mumunye pembezoni mwa sahani; na tangu siku hiyo Anas naye akalipenda mumunye. Ni kweli kwamba lile lilikuwa mumunye la Bara Arabu, na boga hili la rangi ya chungwa asili yake ni Marekani. Lakini ni jamaa moja, na Mswahili alipolipata alijua la kulifanyia: alilitia nazi.

MEZA ILIYO BADALA

Basi yule mama wa Husby afanye nini? Afanye karamu. Asifanye tarehe 31 Oktoba, wala asiipe jina la Halloween, wala asiseme kwa watu jambo moja na kwa mtoto jambo jengine. Achague Jumamosi nyengine, wiki mbili kabla au baada, maana Jumamosi ndiyo siku ambayo watoto wa Kiswidi kwa desturi huruhusiwa tamu. Matendo huenda na nia, na hadithi ya nia ndiyo inayofungua Musnad ya Imam Rabii bin Habib; lakini nia njema haisafishi tarehe na alama zilizojulikana kwa watu wote kuwa ni za kitu chengine. Ndiyo maana siku ibadilishwe. Na mtoto aandike mwenyewe kadi za mwaliko, kwamba ni karamu ya chakula cha Unguja na Oman. Mwenye kuandika kadi huona kuwa sherehe ni yake.

Na saa ipangwe kwa sala. Katika siku fupi hizo Alasiri huingia mapema mno. Mwishoni mwa Oktoba ni kiasi cha saa saba na nusu mchana. Wageni waje saa nane na waondoke kabla ya Magharibi. Muda huo unatosha kwa watoto, na pengine unazidi.

Chakula cha watoto kumi si kazi kubwa. Boga moja la kilo tatu lioshwe, likatwe vipande, litiwe chumvi kidogo na maji machache, lichemke mpaka lianze kulainika. Kisha litiwe makopo mawili ya tui la nazi, sukari kwa kadiri, na iliki iliyopondwa, liachwe kwa moto mdogo mpaka tui liwe zito. Mbegu zake zisitupwe. Zikaangwe kavu kwa chumvi. Pawe na sambusa za samaki na za dengu, katlesi za viazi, vitumbua, na kaimati zilizotiwa shira. Halwa ya Maskati, ikiwa ipo ya safari, ikatwe vipande vidogo, kwani mgeni asiyeizoea huishangaa. Watoto wa Kiswidi wataijua harufu ya iliki kabla ya kuambiwa, kwa sababu mama zao huitia katika mikate yao mitamu. Na karafuu wanaijua kutoka kwenye biskuti za tangawizi. Kinywaji kiwe jusi ya ukwaju, au ya lingon, lile tunda dogo jekundu la misitu yao. Na jusi hiyo iitwe jusi.

Nyama ni bora iachwe siku hiyo. Uswidi ilipitisha sheria mwaka 1937 ya kukataza mnyama kuchinjwa kabla ya kuzimishwa fahamu, na kwa hivyo nyama iuzwayo kwa jina la halali huwa ama imetoka nchi za nje au imechinjwa baada ya mnyama kuzimishwa, na wanavyuoni wana maneno katika hiyo ya pili. Ama nyama ya Ahlul Kitab, imeruhusiwa katika Suratul Maida, aya ya 5, na wanavyuoni wa Kiibadhi wameiwekea masharti yake. Meza ya watoto si mahali pa kuyatatua hayo. Samaki hana khitilafu.

Lililo la hatari zaidi ni tamu za kununua. Peremende laini za kutafuna nyingi hutiwa jelatini, na paketi mara nyingi haisemi imetoka kwa mnyama gani. Ikiwa haisemi, iachwe, kwani mwenye kuepuka shubuha ameisalimisha dini yake. Rangi iandikwayo E120 hutolewa kwa wadudu. Mama asiyesoma Kiswidi vyema na ajifunze kwanza maneno haya: fläsk, gris, skinka, ister na blod, yaani nyama ya nguruwe, nguruwe mwenyewe, paja lake, mafuta yake, na damu. Hili la mwisho si la mzaha huko. Mkate wa damu uitwao blodpudding huuzwa madukani na watoto huupenda. Na iko keki ndogo yenye ganda la kijani, punschrulle, inayopendeza macho ya kila mtoto, nayo jadi yake hutiwa ladha ya ulevi.

Mzazi mgeni akija na chupa ya mvinyo kwa heshima, kama wafanyavyo watu wazima wa huko wakialikwa, ashukuriwe kwa kuja kwake na aelezwe kwa upole kwamba nyumba hii haipokei. Muislamu haketi kwenye meza inayozungukwa na ulevi, seuze iwe yake. Naye mwenyeji ana wajibu wake kwa wageni: awaulize wazazi mapema kama mtoto wao hudhuriwa na njugu, ufuta, mayai au samaki. Watoto wengi huko wana maradhi hayo, na mengine huua. Mtoto wa watu ni amana tangu anapovua viatu mlangoni.

MLANGO UKIGONGWA

Linabaki la usiku wenyewe, tarehe 31, kengele ikilia na mlangoni wamesimama watoto wanne wa jirani wenye nyuso zilizopakwa unga. Asiyeweka boga wala taa mlangoni kwa kawaida hagongewi. Na hilo ndilo lililo salama. Akigongewa, asizime taa na kujificha chooni, kwani mtoto wake anamtazama. Afungue, awasalimie kwa majina yao ikiwa anawajua, aseme kwamba katika nyumba hii usiku huu hauadhimishwi, na kwamba wanakaribishwa Jumamosi ya karamu. Akiwapa tofaa kila mmoja kwa nia ya ujirani, si kwa nia ya sherehe, wapo wanaoona kuwa hana dhambi, na wapo wanaoona bora asitoe. Mwenye kuacha achague ulimi mzuri zaidi, maana hana kingine cha kutoa.

Na yule binti wa miaka tisa, karatasi yake isichanwe. Mama akae naye mezani, apige mstari juu ya kila jina lililo chafu na kumweleza kwa nini, kisha upande wa pili waandike pamoja vyakula vya Jumamosi. Bibi Maskati apigiwe simu tena, safari hii aulizwe kiasi cha hamira katika kaimati. Ataongea nusu saa.

Karamu ikisha, kilichobaki kigawiwe. Boga la nazi litiwe bakuli lipelekwe ghorofa ya tatu kwa yule mzee wa Kiswidi anayekaa peke yake, ambaye siku ya makaburi alionekana akishuka ngazi na mshumaa wake. Huenda baada ya siku mbili tatu akalirudisha bakuli, na kama ilivyo ada ya watu waungwana popote walipo, asilirudishe tupu: atie kipande cha keki aliyoioka mwenyewe. Keki hiyo haina karatasi ya kusoma. Hapo mtoto amwulize kwa Kiswidi chake kizuri, na kwa adabu, ndani yake mna nini. Na mzee atahesabu kwa vidole: unga, siagi, tofaa, mdalasini, iliki.